Baromita Chomboni: Kuisoma Hali ya Hewa ya Baharini Ukiwa Nchi Kavu



Tarehe 30 Septemba 2021 chombo cha mita 7 kinachokwenda kwa upepo kiliingia ndani ya kimbunga Sam katika bahari ya Atlantiki. Kimbunga kilikuwa cha daraja la nne. Mawimbi yalifika mita 15 hivi, na upepo ulipita kilomita 190 kwa saa. Chomboni hamkuwa na nahodha wala baharia, hata panya hakuwamo. Mlikuwa na kamera, betri, paneli za sola, antena ya setilaiti na vihisi vilivyofungwa kila palipofaa. Jina lake ni namba tu, SD 1045, mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Saildrone, iliyokipeleka huko pamoja na NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa. Waliokuwa wakikielekeza walikaa nchi kavu, wakisoma vipimo kwenye kioo cha kompyuta huku mawimbi yakikilaza ubavu chombo chao.

Tanga lake halikushonwa kwa kitambaa. Ni bawa gumu lililosimama wima, na kwa kazi ya vimbunga walilifupisha ili lisivunjike. Richard Jenkins, Mwingereza aliyebuni vyombo hivi, alianza na gari linalosukumwa na upepo. Mwaka 2009 alilikimbiza zaidi ya kilomita 200 kwa saa juu ya ziwa lililokauka huko Marekani, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka 2019 chombo kingine cha ukoo huo, SD 1020, kiliizunguka Antaktika kwa siku 196, mwendo wa kilomita 22,000 hivi, bila ya mtu.

Sitakaa sana na vyombo hivi, maana wengi wetu humu ukumbini hatutamiliki hata kimoja. Ila kazi yao ndiyo ileile inayofanywa na mashua ya starehe iliyotia nanga Msasani huku mwenyewe yuko Dodoma akichungulia simu: kuhisi, kukusanya, kutuma na kusoma. Wauzaji wa vifaa hujisifu zaidi kwa hatua ya tatu, yaani kutuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyo rahisi siku hizi. Taabu iko mwanzoni na mwishoni. Chombo cha tanga ni mahali pabaya pa kupimia hali ya hewa, na anayesoma vipimo kutoka mbali hauoni ubaya huo. Leo nataka tuangalie vipimo vinavyodanganya na jinsi vinavyodanganya, kisha nikitetee kimoja ambacho jahazi lolote la pwani hii lingeweza kukituma kila siku kwa gharama ndogo.

Kwanza tutupe jicho nyuma. Kwa karne nyingi habari za hewa ya baharini zilifika nchi kavu pamoja na nahodha mwenyewe. Alipoteremka bandarini alikuwa na daftari lake la safari, na lililoandikwa mle lilikuwa limeshapita wiki au miezi. Mwaka 1853 mataifa kadhaa ya mabaharia yalikutana Brussels yakakubaliana daftari hizo ziandikwe kwa mtindo mmoja, ili ramani za pepo na mikondo zichorwe. Lilikuwa jambo jema kwa ramani. Kwa aliyekuwa njiani kukutana na dhoruba usiku ule, halikumfaa kitu.

Mambo yalibadilika kwa waya. Mwezi Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilipasuliwa na dhoruba kwenye pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, yuleyule aliyekuwa nahodha wa Beagle safari ya Charles Darwin, alikuwa sasa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza. Alikusanya vipimo vya baromita kutoka vituo vya pwani kwa telegrafu, na kuanzia mwaka 1861 akawa anatuma maonyo bandarini kabla ya dhoruba kufika. Angalieni alichokitegemea mtu huyu: baromita, na waya wa kuipeleka tarakimu yake upesi kuliko upepo.

Huku kwetu waya ulichelewa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Seyyid Barghash zilizokuwa bandarini. Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879. Hata kama ingekuwapo mapema, upande wa mashariki, kimbunga kilikotokea, hapakuwa na mtu wa kutuma telegramu. Palikuwa na maji na majahazi.

Sasa nije kwenye upepo, kwa kuwa ndio wa kwanza kuulizwa na kila mwenye chombo.

Tuchukue siku ya kaskazi ya kawaida, upepo wa noti 15. Noti moja, kwa wanafunzi, ni maili moja ya bahari kwa saa, karibu kilomita 1.85. Mashua inatoka Pemba kwenda Unguja, upepo uko nyuma, mwendo wake noti 6. Kipima upepo kilicho kwenye ncha ya mlingoti kitasoma ngapi? Kitasoma 9, kwa sababu mashua inaukimbia upepo. Kesho yake mashua inarudi kwa bisho, upepo ni uleule wa noti 15 na mwendo ni uleule wa noti 6, pua ikiwa imeukata upepo kwa nyuzi 45. Kipima upepo sasa kinasoma karibu 20. Nahodha aliye chomboni hachanganyikiwi. Anayaona maji, anajua povu jeupe la mawimbi ya noti 15 likoje. Lakini mwenye mashua aliyeko ofisini anaona tarakimu peke yake. Jana alidhani bahari imetulia, leo anapiga simu kwa wasiwasi. Bahari ni ileile.

Vifaa vya chomboni vina dawa ya jambo hili, ila mtu huipata akijua pa kuitafuta. Kipima upepo cha kawaida hutuma kwenye waya sentensi fupi ya maandishi, tena na tena. Ile ya mashua yetu iliyokuwa na upepo nyuma ingesomeka hivi:

$WIMWV,180,R,9.0,N,A

Herufi za mwanzo zinasema huyu anayezungumza ni chombo cha hali ya hewa na habari yake ni ya upepo. 180 ni nyuzi kutoka omo ya chombo, maana yake upepo unatoka tezi. 9.0 ni kasi, N ni noti, A ni kwamba kipimo kinafaa. Mwishoni huongezwa nyota na tarakimu mbili za ukaguzi, nimeziacha. Uzito wote uko kwenye herufi R. Inasema upepo huu ni wa kuhisiwa chomboni, mwendo wa chombo ukiwa umechanganyika humo. Ingekuwa T, ungekuwa upepo wa kweli, mwendo umeshatolewa kwa hesabu. Programu nyingi za simu hupokea sentensi hii, zikachora duara zuri lenye mshale na rangi, na ile herufi haionekani tena popote. Ukinunua programu ya namna hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hilo.

Hata T ina mtego, na mtego huo ni wetu hasa watu wa pwani hii. Vifaa vingi hukokotoa upepo wa kweli kwa kutumia mwendo wa chombo ndani ya maji, uliopimwa na kigurudumu kilicho chini ya chombo. Mkondo wetu wa pwani hwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, hasa katika mlango wa Pemba, waweza kufika noti 3 au 4. Chombo kinachochukuliwa na mkondo huo pamoja na upepo kitaripoti upepo mdogo kuliko unaoupiga mnazi wa ufukweni, kwa noti hizohizo 3 au 4. Kwa nahodha haidhuru. Tanga lake linaujua upepo uliopo juu ya maji yanayokwenda, basi. Mtabiri wa hali ya hewa anataka upepo juu ya ardhi, na huo hupatikana kwa kutoa mwendo unaoonyeshwa na GPS.

Kuna kimo. Watabiri duniani kote wamekubaliana kuuzungumza upepo wa mita 10 juu ya uso, kwa wastani wa dakika 10. Mlingoti wa mashua ya kisasa waweza kuwa na ncha mita 18 juu ya maji, na huko juu upepo huzidi kwa asilimia sita au saba hivi. Hilo ni dogo, na hesabu yake ni nyepesi. Kubwa ni kuyumba. Fikirini mashua iliyotia nanga ghubani, hewa imetulia kabisa, lakini mawimbi ya mbali yanaingia na kuilaza nyuzi 10 huku na nyuzi 10 kule, kila mzunguko sekunde 4. Ncha ya mlingoti wa mita 18 hupita katikati kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde, yaani noti 9 au 10. Vikombe vya kipima upepo vitazunguka tu. Mwenye chombo aliyeko bara ataletewa ripoti ya upepo wa noti kadhaa usiokuwapo. Na akija shakwe akatua juu ya vikombe, ataletewa ripoti ya shwari katikati ya kusi. Msicheke, ndege na kinyesi chao ni adui wa kila siku wa vipima upepo vya baharini duniani kote.

Joto na unyevunyevu nitavipitia haraka. Kihisi cha joto kikiwekwa ndani kitapima joto la kamra iliyofungwa. Kikiwekwa juu ya sitaha kwenye jua kitapima joto la mbao. Kinataka kivuli, upepo upite, na kiwe mbali na injini. Kihisi cha unyevunyevu kikishaingia chumvi huanza kusoma juu hata siku kavu. Kwa usalama wa chombo, kihisi chenye manufaa kuliko hivi viwili ni kile cha maji ndani ya ngama, lakini hicho si cha hali ya hewa.

Nimebakiwa na mgandamizo wa hewa, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Baromita haijali chombo kinakwenda wapi wala kwa mwendo gani. Haijali kulala kwa mlingoti. Waweza kuiweka ndani ya kamra, pakavu, mbali na ndege, na itasoma karibu sawa na iliyo juu, kwa sababu inahitaji kupanda mita 8 hivi ndipo mgandamizo upungue kwa hektopaskali 1. Kihisi chake cha kisasa ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Vile vinavyotumika sana, kama BME280 cha kampuni ya Bosch, hukosea labda hektopaskali 1 kwa jumla, lakini kosa hilo hubaki karibu palepale kila siku, na kosa lisilobadilika ni kosa lililokwisha tibika. Upepo wenyewe waweza kuichezea kidogo: hewa ya noti 30 ikipuliza moja kwa moja kwenye tundu la kihisi huongeza zaidi ya hektopaskali 1 ya uongo. Ndiyo sababu nyingine ya kuiweka ndani.

Lakini anayeisoma baromita ya kwetu kwa kitabu cha Ulaya atapotea. Ulaya mgandamizo hupanda na kushuka kwa makumi ya hektopaskali ndani ya wiki, na baharia wa huko hufundishwa kuogopa mteremko wa ndani ya saa tatu. Tropiki ina mwendo wake. Kila siku ya Mungu, iwe shwari au mvua, mgandamizo hufika kilele mara mbili na bonde mara mbili. Kilele ni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Bonde ni karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Saa zetu za Kiswahili zimelipanga jambo hili vizuri: saa nne juu, saa kumi chini, usiku na mchana. Jua hulipasha joto anga lote, na anga huitikia kwa wimbi linalopita kila mahali mara mbili kwa siku. Kati ya kilele cha asubuhi na bonde la alasiri huanguka hektopaskali 3 hivi, pengine 4. Basi programu iliyowekewa kengele ya hektopaskali 2 kwa saa tatu italia alasiri nyingi za mwaka, na baada ya wiki mwenye simu ataizima. Siku ya haja haitalia.

Watabiri wa tropiki hulinganisha saa hii na saa ileile ya jana. Wimbi la kila siku hapo linajifuta lenyewe, na kinachobaki ni habari. Vitabu vya manahodha vina kanuni ya zamani ambayo bado ina nguvu: ukishaondoa wimbi la siku, mgandamizo ukiwa chini ya kawaida ya msimu kwa hektopaskali 3, fungua macho; ukiwa chini kwa 5, usiwe na shaka kwamba kimbunga cha tropiki kiko karibu. Kawaida ya msimu kwetu nayo hutofautiana: wakati wa kusi iko juu, wakati wa kaskazi iko chini.

Nina deni la kusema baromita isichoweza. Wingu jeusi la mvua za masika likija na upepo wake wa ghafla, baromita itaruka wakati mashua imeshapinduka. Kwa hatari hiyo, macho ya nahodha na rada ya nchi kavu ni bora. Wala vimbunga si wageni wa kila mwaka kwetu. Karibu na ikweta dunia haina msokoto wa kutosha wa kuvizungusha, kwa hiyo Mombasa iko salama kuliko Mtwara. Lakini vikija vinakuja. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia tarehe 4 Mei 2024, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoa tahadhari na kuwataka watu wa baharini wachukue hatua.

Tahadhari ile ilitegemea sana setilaiti, na mtu anaweza kuuliza: zikiwapo setilaiti, baromita ya mashua ya nini? Jibu lake ndilo linalonifanya nisimame hapa. Setilaiti huona mawingu, hupima joto la uso wa bahari, hata upepo juu ya maji huusoma kwa rada kutokana na mikunjo ya uso. Mgandamizo wa hewa usawa wa bahari bado haziwezi kuupima moja kwa moja kwa uhakika unaotakiwa. Lazima kitu kiwe pale pale majini. Kwa hiyo vituo vikubwa vya utabiri vinavyochunguza ni vipimo gani vinavyosaidia zaidi hukuta kwamba baromita za maboya yanayoelea baharini ni miongoni mwa vipimo vyenye faida kubwa kabisa, kimoja kwa kimoja. Ndiyo maana katika mashindano ya Vendée Globe, ambamo mtu mmoja huizunguka dunia kwa tanga bila kutua, baadhi ya manahodha hupewa maboya ya kuyatupa kule bahari ya kusini ambako meli hazipiti. Shughuli hiyo ilisukumwa mbele na makubaliano ya mwaka 2020 kati ya UNESCO na chama cha mashua za aina ya IMOCA.

Bahari yetu nayo ina mashimo yake ya vipimo. Wakati wa maharamia wa Somalia, meli nyingi za biashara zilikwepa mbali, na zilizopita zilinyamaza, zikiogopa kwamba ripoti ya hewa inayotaja mahali zilipo ingesikiwa na asiyestahili. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili lilikuwa limebaki karibu bila vipimo vya meli. Na eneo lenyewe ni lile unapopita mkondo mkali wa upepo wa kusi alioueleza mtaalamu wa hali ya hewa Findlater mwaka 1969, upepo unaotoka kusini mwa ikweta, ukapita pwani yetu na Somalia, ukaipelekea India mvua zake. Mpango wa maboya ya kutia nanga katika Bahari ya Hindi, uitwao RAMA, ulioanza mwaka 2004, ulicheleweshwa na maharamia haohao kwa upande wetu, na maboya yaliyowekwa mara nyingi huharibiwa na vyombo vya uvuvi vinavyojifunga kwayo. Wavuvi wana sababu: samaki hukusanyika chini ya kila kinachoelea. Lakini boya likivunjwa, anayepoteza habari ni mvuvi huyohuyo.

Vyombo vya tanga, kwa upande wake, vipo. Majahazi yanakwenda Mafia, Kilwa, Pemba, Lamu. Kutuma tarakimu moja kutoka kwenye jahazi kunataka nini?

Karibu na pwani, simu inatosha. Mtandao wa kawaida wa GSM hauvuki kilomita 35 kutoka mnara, hata mnara uwe mrefu vipi, kwa jinsi ulivyopangiwa muda wa mawimbi yake. Safari nyingi za majahazi yetu huingia na kutoka ndani ya umbali huo, hivyo simu hutunza vipimo ikikosa mtandao na kuvituma ikiupata. Mbali zaidi huhitajiwa setilaiti. Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, na modemu yake ndogo hubeba ujumbe wa baiti 340 kwa mara moja. Ni kidogo mno kwa picha, na ni kingi mno kwa haja yetu. Huu ni mfano wa ripoti nzima:

041200 0712S 03950E 1009.6 -1.8 18017

Tarehe 4, saa 12 kwa saa za dunia, yaani saa tisa alasiri kwetu, mahali, nyuzi 7 dakika 12 kusini, nyuzi 39 dakika 50 mashariki, mgandamizo 1009.6, umepungua 1.8 tangu saa kama hii jana. Upepo wa kusi wa kweli, noti 17. Herufi 37 pamoja na nafasi. Mtaona nimeutia upepo mwishoni na badiliko la siku katikati, na nimefanya kusudi.

Umeme ndio unaowashinda wengi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayokusanya vipimo hula wati 4 hivi. Kwa saa 24 hiyo ni saa-wati 96, sawa na amperi-saa 8 za betri ya volti 12. Betri ya gari ya amperi-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, itachoka baada ya siku sita hivi ikiwa hakuna sola. Intaneti ya Starlink, inayopendwa sana na wenye mashua za starehe, hula mara nyingi zaidi ya hizo. Nimeona watu wakifunga mitambo ya kuangalia chombo kwa mbali, na kitu cha kwanza walichokiua ni betri ya kuwashia injini. Kifaa kinacholala muda wote, kikaamka kila saa kusoma baromita na kutuma mstari mmoja, hutosheka na paneli ya ukubwa wa kitabu.

Na simu tupu? Simu nyingi za bei ya juu zina baromita ndani, mwenyewe hajui. Ina masharti mawili. La kwanza, mifuko ya plastiki. Mabaharia wetu hufunga simu ndani ya mfuko na kukaza kwa mpira, na wana haki. Lakini mfuko uliokazwa ukavimba kwa jua unapimwa mgandamizo wake wenyewe, wala si wa bahari. Achieni kitundu upande usiopigwa na maji, au simu ikae kwenye sanduku kavu lisilozibwa hewa. La pili ni kulinganisha. Kila uwanja wa ndege wenye huduma kamili hutangaza mgandamizo uliorekebishwa hadi usawa wa bahari, marubani huuita QNH, na wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hupatikana bure kwenye intaneti. Simu ikiwa chomboni bandarini, soma yako, soma ya uwanja, andika tofauti yake kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko. Rudieni kila mwanzo wa kusi na wa kaskazi.

Limebaki jambo moja ambalo wahandisi husahau na manahodha hawasahau. Ripoti ya hewa yenye mahali ndani yake inafichua mahali pa kuvulia. Mvuvi aliyegundua mwamba wenye changu hatauweka kwenye ramani ya watu wote kwa ajili ya sayansi, na mimi nisingemlaumu. Suluhisho lipo. Kwa mgandamizo, mahali pakikosewa kwa maili kumi hapaharibu kitu, kwa kuwa siku ya kawaida hewa haitofautiani kiasi hicho kwa umbali huo. Programu ibakize nyuzi na robo yake iliyo karibu zaidi, kisha itume. Meli kubwa zimeruhusiwa kwa miaka mingi kuficha majina yao katika ripoti. Jahazi nalo lipewe haki hiyo.

Na ripoti iende wapi? Ikiishia kwenye simu ya mwenye chombo, faida yake ni ya mtu mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya zina njia za kupokea vipimo vya meli na kuviingiza kwenye mtandao wa dunia, ambako kituo cha Réunion, chenye dhamana ya vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi, huvisoma. Kinachotakiwa ni kwamba anayetuma naye arudishiwe kitu: ujumbe wa Kiswahili, mfupi, jioni kabla ya kung'oa nanga, unaosema mgandamizo wa Mtwara umekuwaje tangu jana na wa Lamu umekuwaje. Nahodha anayejua kwamba kusini umepanda sana na kaskazini umebaki palepale ataijua kusi ya kesho bila kuelezwa na mtu. Asiporudishiwa, mwezi wa pili atakuwa ameshazima simu yake kuokoa chaji, na atakuwa na haki.

Nimeleta hapa vihisi viwili na simu moja, na matokeo ya uwanja wa ndege ya saa nne asubuhi ya leo yako kwenye ubao. Wenye simu zenye baromita njooni mbele tulinganishe kabla ya maswali. Kumbukeni ukumbi huu uko ghorofani, ongezeni hektopaskali 1 kwa kila mita 8 juu ya bahari.